Simu kanisani, simu mezani

Je, umewahi kufungua Biblia kwenye simu, mara meseji ikaingia, ukaja kushtuka mahubiri yamekwisha? Si wewe peke yako. Ubongo hauwezi kusoma na kusikiliza kwa makini kwa wakati mmoja. Unarukaruka, na kila ukiruka kuna kitu unakosa.

Nyumbani ni vilevile. Mama anakueleza jambo zito, wewe unaitikia "ee" huku unachati. Kesho ukipata shida, utaanzia wapi kumwambia?

Jaribu hivi: kanisani zima data na sauti, Biblia uliyoipakua itasomeka tu. Wakati wa kula, simu zote kabatini, hata ya baba! Usiku ilale sebuleni. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.