Kukimbia kwa sporti na kukimbia vita: neno moja, mambo mawili

Asubuhi mapema, siku kuko utulivu, vijana wanaonekana wakipita mbio kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kuanzia Kanyabayonga, Kayna na Kirumba mpaka Lubero na Butembo. Wamoja wamevaa viatu vya sporti, wengine sandali, wengine wako miguu tupu. Wakiwa kikundi, mara nyingi wanaimba: mumoja anaongoza, wengine wanaitikia. Mama anayefagia kiwanja chake anasikia wimbo, anajua ni sporti, anaendelea na kazi yake.

Lakini watu watatu wakipita mbio bila wimbo, mama huyo huyo anaacha ufagio na kuuliza: "Kuko nini?" Jirani akimujibu tu "Watu wanakimbia", mama anaanza kuita watoto na kutafuta kitambaa cha kufungia mizigo. Jirani hakusema uongo. Alitumia tu neno ambalo kwa Kiswahili linabeba mambo mawili, na hapa kwetu moja kati ya hayo mambo linauma.

Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga, watu wengi wa Kayna na Kirumba walishika barabara wakielekea Lubero na Butembo, mizigo kichwani na watoto mugongoni. Mutu aliyepita katika siku kama zile hasikii neno "kukimbia" sawasawa na mutu wa muji mwenye kulala bila woga. Ndiyo sababu ni vizuri kuyajua maneno ya mbio na ya mazoezi ya inje: yanasema nini, yanatoka wapi, na namna gani ya kuyatumia bila kushitusha watu bure.

Kinachofuata neno ndicho kinaonyesha maana

Kwa Kifaransa kuko maneno mawili tofauti: moja la kukimbia kwa miguu, lingine la kukimbia hatari. Kiswahili kinatumia "kukimbia" kwa yote mawili. Kinachoyatenganisha ni neno linalofuata.

Mutu akisema "kukimbia vita", "kukimbia njaa" ao "kukimbia deni", kinachofuata ni kitu kibaya ambacho mutu anakiacha nyuma. Akisema "kukimbia kilometa 5" ao "kukimbia asubuhi", kinachofuata ni urefu wa njia ao saa: hiyo ni sporti. Shida inatokea wakati hakuna kitu kinachofuata. "Vijana wa Kirumba wamekimbia." Wamekimbia nini? Musikilizaji anabaki anajaza mwenyewe, na katika eneo lenye vita, wengi watajaza na neno "vita".

Neno hilo limezaa watoto wengi. "Kukimbilia" ni kwenda mahali pa kujificha ao pa kuomba musaada, na mahali penyewe panaitwa "kimbilio". "Kukimbiza" ni kufukuza mutu, lakini pia ni kupeleka mutu kwa haraka: watu wanasema "tulimukimbiza mugonjwa kwenye hospitali". "Kukimbizana" ni muchezo wa watoto kwenye kiwanja.

Kisha kuko majina mawili yanayofanana sana. "Mukimbizi" ni mutu aliyeacha kwake juu ya hatari. "Mukimbiaji" ni mutu anayefanya mbio. Ile sehemu ya mwisho, -aji, inaonyesha mutu mwenye mazoea ya kufanya kazi ile, kama vile musomaji, muchezaji ao mwimbaji. Mukimbizi hakuchagua. Mukimbiaji alichagua siku, njia na mahali pa kusimama, na kisha mbio anarudi kwake kuoga.

Waliokuwa wakimbizi na wakimbiaji

Mara nyingine mutu mumoja anabeba majina yote mawili. Katika Kivu ya Kaskazini, mufano unaojulikana ni Makorobondo Salukombo. Alizaliwa Kirotshe, pembeni ya ziwa Kivu. Akiwa mutoto, familia yake ilikimbia vita, na mwishowe ikafika Marekani, katika muji wa Cleveland. Huko akawa mukimbiaji wa mbio ndefu. Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, Brazili, alikimbia maratoni akivaa rangi za Kongo. Alikuwa pia amerudi Kirotshe kusaidia vijana kujifunza mbio. Mumoja wa wale wa Kirotshe, Beatrice Kamuchanga, alikimbia mita 5 000 katika Michezo ile ile ya Rio.

Rio ndiko kulionekana kwa mara ya kwanza timu ya Olimpiki ya wakimbizi. Ilikuwa na watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wenye asili ya Sudani Kusini waliotoka kwenye kambi za wakimbizi za Kenya, na mwingine, mukimbiaji wa maratoni, alikuwa mwenye asili ya Etiopia. Wakongomani wawili walikuwa ndani pia: Popole Misenga na Yolande Mabika, wenye asili ya upande wa Bukavu. Lakini hao hawakukimbia mbio: walicheza judo. Mutu akitangaza kwa Kiswahili kwamba "wakimbizi walikimbia Rio", anapaswa kuongeza maneno mawili matatu ili watu waelewe!

Futingi, muchakamuchaka, maratoni

Katika mashariki ya Kongo, neno linalosikika zaidi ni "futingi". Limetoka kwa Kifaransa, na Wafaransa walilitengeneza juu ya neno la Kiingereza lenye maana ya muguu. Lakini Waingereza wenyewe hawaliti hivyo zoezi la kukimbia. Kwa hiyo kijana wa Kayna akimuambia mugeni wa Uganda kwamba anaenda kufanya "futingi", mugeni anaweza kubaki anamuangalia tu. Futingi ni kukimbia polepole juu ya afya ao mazoezi, bila kushindana na mutu.

Tanzania wana neno lao: "mchakamchaka", ambalo hapa tungeandika "muchakamuchaka". Ni mbio za pamoja, kwa musitari, na nyimbo, kama zile za wanafunzi na waaskari. Vikundi vya vijana vinavyoimba asubuhi kwenye barabara zetu vinafanya kitu hicho hicho, hata kama vinakiita futingi.

"Riadha" ni jina la michezo yote ya kukimbia, kuruka na kutupa. Lilitoka kwa Kiarabu, na linasikika sana kwenye maredio ya Kenya na Tanzania. Kwetu wengi wanasema "atletisimu". "Mbio fupi" ni kama zile za mita 100. "Mbio za masafa marefu" ni kama mita 5 000 na 10 000. "Mbio za nyika" zinapita ndani ya majani, matope na vilima, inje ya barabara. Kwa milima ya Lubero, hizo hazihitaji kutengenezewa njia: njia za mashamba ziko tayari.

"Maratoni" ni jina la mahali katika Ugiriki. Hadithi ya zamani inasema mujumbe alikimbia kutoka kule mpaka Athens kupeleka habari ya ushindi wa vita. Urefu wa maratoni ni kilometa 42 na mita 195. Kipimo hicho kilitumiwa London mwaka 1908, na kikawekwa kuwa sheria mwaka 1921. Kwa kuelewa urefu huo: kutoka Butembo mpaka Beni watu wanahesabu karibu kilometa 54. Hiyo ni maratoni nzima, na karibu kilometa 12 juu yake. Wengi wetu tunajua watu waliotembea njia ya namna hiyo kwa miguu na muzigo, na hakuna aliyewapa medali.

Kuko pia "nusu maratoni", kilometa 21 na kidogo. Jirani na sisi, ngambo ya Kasindi, muji wa Kasese katika Uganda unapokea maratoni ya Rwenzori tangu mwaka 2022.

Mwendo, kasi na pumzi

Wakimbiaji wanatofautisha "kasi" na "mwendo". Kasi ni kilometa ngapi kwa saa moja, kama vile pikipiki. Mwendo ni dakika ngapi kwa kilometa moja. Mutu anayekimbia kilometa 5 kwa dakika 30 ana mwendo wa dakika 6 kwa kilometa, na kasi ya kilometa 10 kwa saa. Mukenya Kelvin Kiptum alipokimbia maratoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, mwendo wake ulikuwa karibu dakika 2 na sekunde 51 kwa kila kilometa, toka mwanzo mpaka mwisho. Vijana wengi wenye nguvu hawawezi kushika mwendo huo hata kwa kilometa moja.

Kinachobeba mukimbiaji wa mbio ndefu kinaitwa "pumzi" ao "uvumilivu". Hapa tena inaomba uangalifu. Kwetu, "kuvumilia" mara nyingi ni kunyamaza wakati unaumia. Katika mbio, sivyo. Uvumilivu ni uwezo wa moyo, mapafu na misuli kufanya kazi kwa muda murefu, na unajengwa polepole, juma kwa juma. Kipimo chepesi ni mazungumzo: kama unakimbia na unaweza kusema maneno kamili na mwenzako, mwendo ni muzuri. Kama maneno yanakatika, punguza. Kama kifua kinauma ao kichwa kinazunguka, simama, na uende kuona munganga. Huo si woga.

Inje ya mbio, kuko maneno mengine ya kujua. "Kupasha mwili moto" ni kuanza na kutembea na kuruka kidogo mbele ya kukimbia. Wachezaji wa mupira wanasema "eshofoma". "Kunyoosha viungo" ni kuvuta misuli polepole, zaidi kisha mazoezi. "Kukaza kwa misuli", ambako wengi wanaita "krampi", ni pale muguu unakuwa kama jiwe na kuuma.

Wazee na wamama wasidhani mazoezi ni ya wakimbiaji tu. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linaomba mutu muzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya kadiri kwa juma. Kutembea haraka kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Kupanda mulima kwenda shamba kunahesabiwa, na kusukuma chukudu yenye muzigo kunahesabiwa hata zaidi. Mutu anayefanya hayo kila siku hana haja ya kuongeza futingi. Ni yule anayekaa kwenye kiti toka asubuhi mpaka jioni ndiye anahitaji.

Namna ya kusema bila kushitusha

Kwa wale wanaotangaza, wanaofundisha ao wanaotuma habari kwa simu, kanuni ni ndogo. Kama ni sporti, tumia jina la mbio: "vijana wamefanya mbio", "wamefanya futingi", "wamekimbia kilometa 10". Usiache "wamekimbia" peke yake. Kama ni hatari, sema watu wanakimbia nini, wametoka wapi na wanaelekea wapi. Kama hujui, uliza kwanza mbele ya kutuma. Habari ya nusu inaweza kuondosha kijiji nzima usiku kwa bure, na mara ya pili, hatari ikiwa ya kweli, watu hawataamini tena.

Kwa vikundi vya asubuhi: mujulishe viongozi wa mtaa siku na njia ya mbio zenu, mungoje mwangaza, musipite karibu na kambi za waaskari, na mutembee pamoja. Na muimbe. Kwenye barabara hii, wimbo ndio unaambia mama mwenye ufagio kwamba hawa wanaopita mbio watarudi nyumbani kunywa chai.