Picha ya Figo kwa Dawa: Mwambie Daktari Haya Kabla ya Sindano

Mtu anayekojoa damu, au mwenye maumivu makali ya ubavu yanayoteremka hadi kinenani, huenda akaandikiwa eksirei ya figo inayopigwa kwa dawa. Siku hizi hospitali nyingi za Ulaya, Marekani na Ghuba hutumia zaidi siti skani, lakini dawa inayodungwa ni ya aina hiyo hiyo. Kwa hivyo tunayoyaeleza leo yanawahusu wote, walio nyumbani na walio ughaibuni.

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa na mawe mengi ya figo, lakini mirija inayoteremsha mkojo haionekani. Ndiyo maana hudungwa dawa yenye madini joto kwenye mshipa wa mkono. Figo huichuja na kuitoa pamoja na mkojo, na popote inapopita hutokea peupe pichani. Njia hii ilitangazwa Ujerumani mwaka 1929, kutokana na kazi ya daktari kijana Mmarekani, Moses Swick.

Kabla ya eksirei hii, mgonjwa kwa kawaida huambiwa asile kwa saa kadhaa, na pengine hupewa dawa ya kuharisha ili choo kisiizibe picha. Kuhusu maji, uliza. Usijinyime kwa kukisia, kwani mwili uliokaukiwa huzitia figo mashakani.

Siku yenyewe hupigwa kwanza picha bila dawa, kisha sindano. Utahisi joto mwili mzima na ladha kama ya chuma mdomoni. Hayo hupita baada ya muda mfupi. Lakini ukiwashwa, ukivimba uso au pumzi ikibana, sema papo hapo. Picha hupigwa kwa vipindi, na huenda ukafungwa mkanda tumboni ili dawa isishuke haraka. Mwisho utaambiwa ukakojoe, ipigwe picha ya kibofu kitupu. Kazi yote huchukua kama nusu saa hadi saa moja, au zaidi iwapo njia imeziba.

Jambo kubwa ni kusema ukweli mapema. Mwambie daktari kama una mimba au unaishuku, kama una ugonjwa wa figo au pumu, na kama dawa hii iliwahi kukudhuru. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye aseme, kwani huenda akaambiwa aisimamishe kwa siku mbili. Ama wale wanaodhurika na kamba au pweza, hilo peke yake si kizuizi. Madini joto siyo yanayowadhuru.

Tena, mweleze ulikokulia. Kichocho cha njia ya mkojo kinajulikana sana Unguja na Pemba, na kinaweza kuacha makovu kwenye kibofu na kuibana mirija miaka mingi baada ya mtu kuoga mtoni utotoni. Daktari wa London au Toronto huenda asikifikirie asipoambiwa. Kama lugha inakutatiza, omba mkalimani. Usimtegemee mtoto wako, kwani mbele yake utaona haya kuyataja mambo ya mkojo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.