Nuru na Subira: Mafunzo kwa Anayeanza Kupiga Picha za Milima na Wanyama

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina mpaka Nanyuki, Meru, Chogoria na Embu, watu wengi siku hizi wana chombo cha kupigia picha. Aliye na simu ya mkononi mara nyingi ana kamera mfukoni mwake, na mbele ya macho yake pana mlima wenye kimo cha mita 5,199, misitu, mito, na ndege wa namna nyingi. Hata hivyo picha nyingi zipigwazo hazimridhishi mwenyewe. Mlima alioutazama kwa mshangao waonekana katika picha kama kichuguu. Ndege mwenye rangi za kung'aa amekuwa doa jeusi juu ya tawi. Mara nyingi mtu huyo hudhani kwamba kosa ni la kamera, naye huanza kuweka akiba ili anunue nyingine iliyo ghali zaidi.

Yafaa ajue kwanza kwamba kamera haioni kama jicho la mtu lionavyo. Kazi yake ni kupokea nuru tu. Nuru ikiwa mbaya, hata kamera ya bei kubwa haitatoa picha njema. Nuru ikiwa njema, simu ya kawaida yaweza kutoa picha ya kutundikwa ukutani. Kwa hiyo anayeanza kazi hii ana walimu wawili wasiotaka malipo: nuru ya mahali anapokaa, na subira yake mwenyewe.

NURU INA SAA ZAKE

Nchi hii iko kwenye Ikweta, na mstari wenyewe hupita karibu na mji wa Nanyuki. Ndiyo sababu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, nalo hupanda upesi. Nuru laini ya asubuhi, ile yenye rangi ya dhahabu na vivuli virefu, hudumu muda mfupi. Ifikapo saa tatu imekwisha kuwa nyeupe na kali. Saa sita mchana kivuli cha mtu hulala miguuni pake, nyuso za wanyama huwa na giza chini ya macho, na majani hung'aa kama bati. Saa hizo ni za kutafuta mahali pa kusimama baadaye, wala si za kupiga picha. Nuru njema hurudi baada ya saa kumi na moja jioni, nayo vilevile haikawii, maana jua likiisha kutua giza huingia upesi.

Tena kuna mambo ya mawingu. Alfajiri mara nyingi vilele vya mlima huwa wazi. Jua likiisha kuyapasha moto mabonde, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na kugeuka kuwa mawingu. Mara nyingi kabla ya saa nne vilele vimekwisha kufunikwa. Mtu alalaye mpaka saa mbili, kisha anywe chai polepole, asishangae akikuta wingu mahali pa mlima. Miezi ya Januari na Februari, wakati wa ukavu, humpa mpiga picha asubuhi nyingi zilizo wazi. Katika Julai na Agosti wingu zito laweza kukaa juu ya Nyeri siku nyingi bila kuondoka.

Jambo jingine ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba mlima ni mmoja, lakini kila mji una saa yake ya kuupiga picha. Mtu wa Nyeri huutazama mlima upande wa kaskazini-mashariki. Asubuhi jua humjia kutoka upande wa mlima, na vilele huonekana vyeusi mbele ya mbingu nyekundu. Picha ya saa hiyo ni picha ya umbo. Asitafute ndani yake mawe wala theluji. Atakapoona rangi za miamba ni jioni, mawingu yakifunguka na jua la magharibi likiupiga mlima usoni. Mtu wa Nanyuki naye, ambaye mlima uko kusini-mashariki kwake, yafaa aingoje jioni. Lakini mtu wa Chogoria, upande wa mashariki, hupata nuru ya asubuhi juu ya miamba moja kwa moja, wakati jirani yake wa Nyeri angali akiona kivuli. Mtu wa Embu, aliye upande wa kusini, hupata nuru ya ubavuni asubuhi na jioni, na nuru ya ubavuni ndiyo ionyeshayo vizuri kila bonde na kila mgongo wa mlima.

SIKU YA MAWINGU SI SIKU YA HASARA

Mbingu zikifunikwa, anayeanza huiweka kamera yake sandukuni. Asifanye hivyo. Wingu ni kama kitambaa cheupe kilichotandazwa mbele ya taa: huifanya nuru kuwa laini, na vivuli vikali hutoweka. Siku ya namna hiyo yafaa kwa maua ya kahawa, kwa uyoga, na kwa majani yenye matone ya mvua. Yafaa sana kwa kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye huonekana katika bustani na vichaka vya Nyeri. Mnyama huyu ni mwalimu mzuri wa anayeanza, kwa kuwa hana haraka. Dume ndiye mwenye pembe hizo tatu. Mpiga picha apige goti, ailinganishe kamera na jicho la kinyonga, wala asimpige kutoka juu kama mtu atazamaye kitu kilichoanguka. Picha iliyopigwa usawa wa macho humwingiza mtazamaji katika maisha ya mnyama. Asimtoe kinyonga katika tawi lake wala asimchokoze ili abadili rangi.

Mbega wa msituni naye ni afadhali apigwe picha siku ya mawingu. Manyoya yake ni meusi na meupe, na chini ya jua kali kamera haiwezi kuzipokea rangi hizo mbili pamoja: ama weupe huungua na kuwa kama karatasi, ama weusi huwa shimo.

JINSI KAMERA INAVYODANGANYIKA

Kamera hupima nuru yenyewe, lakini hupima kama kwamba kila kitu kilicho mbele yake si cheupe wala si cheusi, ila kijivu. Kwa sababu hiyo ukungu mweupe wa asubuhi hutoka katika picha kama moshi mchafu, na theluji ya mlima hupoteza weupe wake. Katika hali hiyo mpiga picha hana budi kuongeza nuru kidogo. Na nyati mweusi akijaza picha, kamera hudhani pana giza, ikamfanya awe wa rangi ya majivu. Hapo mpiga picha apunguze nuru. Katika simu nyingi kazi hii ni rahisi: huligusa kwa kidole lile jambo analotaka lionekane wazi, kisha huvuta alama ya jua juu au chini kwenye kioo. Anayelijua jambo hili dogo ameondoa nusu ya makosa yake.

MKONO USITIKISIKE

Picha nyingi zenye ukungu si kosa la lenzi, bali ni mkono uliotikisika. Katika nuru hafifu ya alfajiri kamera huacha mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi ili ipokee nuru ya kutosha, na kila mtikisiko huandikwa. Asiye na kigoda cha miguu mitatu aweza kujaza maharagwe katika mfuko mdogo wa kitambaa, akauweka juu ya ukuta, jiwe au dirisha la gari, na kuilaza kamera juu yake. Mfuko huo hulala vizuri kuliko mkono, na gharama yake ni ya kibaba kimoja tu.

Mwendo wa mlango wa kamera ni shauri la kuchagua. Ndege arukaye huhitaji mlango ufunguke kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, au hata pungufu, ndipo mabawa yake yaonekane wazi. Maji ya mto Chania yakipigwa kwa robo ya sekunde, kamera ikiwa imetulia kabisa, hulainika kama hariri. Yakipigwa kwa sehemu moja ya elfu, kila tone husimama hewani. Hakuna iliyo sawa na isiyo sawa, bali mpiga picha ajue analolitaka kabla ya kubonyeza.

UMBALI NA HATARI

Lenzi ya simu imeundwa ili kupokea mahali papana. Kwa ajili hiyo humfanya tembo aliye karibu aonekane mdogo na wa mbali. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu hutazama kioo badala ya kumtazama mnyama. Huona tembo mdogo, husogea hatua kumi. Humwona angali mdogo, husogea tena. Tembo wala nyati hajui habari za kioo. Tembo atandazaye masikio na kuinua kichwa ametoa onyo lake, na mtu mwenye akili harudi nyuma kwa kukimbia, bali huwa hakufika hapo kamwe. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare mtu asishuke garini isipokuwa mahali palipoonyeshwa, naye asikilize maneno ya askari wa wanyama.

Kuvuta picha kwa vidole juu ya kioo si dawa kila mara, maana simu nyingi hapo huikata picha tu na kuikuza, nayo huharibika. Dawa ni kubadili nia. Badala ya kutaka uso wa tembo ujaze picha, mpiga picha amwonyeshe tembo katika nchi yake: mnyama mdogo katika uwanda mpana, msitu nyuma yake, ukungu juu ya msitu. Picha ya namna hiyo husimulia habari zaidi kuliko sikio na pembe peke yake.

Mji wa Nyeri una mfano mkubwa wa subira hii. Jim Corbett, aliyejulikana Bara Hindi kwa kuwaua chui milia walao watu, alihamia Kenya mwaka 1947, akakaa Nyeri mpaka alipofariki tarehe 19 Aprili 1955, na kaburi lake liko huko. Miaka mingi kabla ya kuja, alikuwa amekwisha kuipenda kamera kuliko bunduki. Katika miaka ya 1930 alitaka kuwapiga picha za sinema chui milia, lakini mlio wa kamera uliwakimbiza. Basi alijenga vizuizi vidogo katika kijito ili sauti ya maji iufunike mlio huo, akaketi akingoja miezi mingi mpaka wanyama wakaja wenyewe. Hakuwafuata, aliwangoja.

Desturi hiyo ya kungoja ndiyo iliyoifanya hoteli ya Treetops, karibu na Nyeri, ijulikane ulimwenguni. Ilipoanzishwa mwaka 1932 ilikuwa nyumba ndogo juu ya mti, penye maji na chumvi wanyama wanapokuja kunywa na kulamba. Tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alikaa barazani pake, Corbett akiwapo, akiwapiga tembo picha za sinema. Usiku ule ule baba yake alifariki, naye akawa Malkia. Wageni hawakuwaendea wanyama. Walikaa kimya juu yao. Asiye na hoteli aweza kufanya vivyo hivyo kwa kukaa kimya karibu na mti wenye maua, mahali chozi arudipo mara kwa mara kunywa utamu wake. Ndege akiwa na kiota, mtu akae mbali na asikate tawi lo lote ili kupata nafasi. Tawi lile ndilo linalokificha kiota kisionekane na mwewe.

PICHA NI SHAHIDI

Pana sababu nyingine ya kujifunza kazi hii vema. Mwaka 1899, Halford Mackinder na wenzake walipokuwa watu wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Batian, alikuwamo katika safari yao Campbell Hausburg, aliyepiga picha za mlima. Mwaka 1934, Wajerumani Carl Troll na Karl Wien waliupima mto wa barafu uitwao Lewis kwa njia ya picha, wakatengeneza ramani yake. Barafu hiyo ilipopimwa mwaka 2010, ilionekana kwamba sehemu 90 kwa mia ya ujazo wake wa mwaka 1934 zimekwisha kutoweka. Pasipo picha na vipimo vya zamani, mzee angesema barafu ilikuwa kubwa, na kijana angedhani ni hadithi tu.

Basi anayeanza achague mahali pamoja panapoonyesha mlima, mto au mti mkubwa, karibu na nyumbani kwake. Asimame hapo hapo mara moja kila juma, saa ile ile, apige picha moja. Aandike katika daftari tarehe, saa, na hali ya mawingu. Picha azihifadhi mahali pawili, maana simu hupotea na huibiwa. Miezi mitatu ikipita azitandaze pamoja, naye ataona mwenyewe ni nuru ipi iliyo njema na ni kosa gani analolirudia. Na miaka thelathini ikipita, huenda wajukuu wake wakamwomba daftari hilo, ili wajue mto ulijaa mpaka wapi na theluji ilifika jiwe gani.