Uji Mwepesi Haumlishi Mtoto

Asubuhi mtoto hupewa kikombe cha uji mwepesi kama maji. Hunywa, tumbo hujaa, huacha kulia. Mama huenda shamba. Baada ya muda mfupi mtoto ana njaa tena. Miezi hupita na mtoto hakui. Mikono huwa myembamba, na homa na kuhara haviishi. Majirani husema amebemendwa. Kumbe mtoto ana njaa.

Kwa nini? Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, chakula hakipati nafasi. Uji unaofaa ni mzito, nao una karanga au maziwa ndani yake.

Mahitaji ya bakuli moja
Unga wa ulezi vijiko vikubwa 5, maji vikombe 2, na karanga zilizokaangwa na kusagwa laini vijiko vikubwa 2. Ulezi una madini mengi ya kujenga mifupa. Karanga hujenga mwili na kuutia nguvu.

Namna ya kupika
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Koroga unga kwa maji baridi kidogo.
3. Chemsha maji yaliyobaki. Mimina unga huku ukikoroga.
4. Uache utokote kwa dakika 15.
5. Tia karanga, koroga, uache dakika 5, kisha ipua.

Chota kwa kijiko ukiinamishe. Uji mzuri hudondoka polepole. Ukimwagika kama maji, ongeza unga upike tena. Mpe mtoto na kipande cha papai, embe au chungwa.

Mtoto akishindwa kumeza uji mzito
Usiongeze maji. Tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 mpaka uote. Uanike juani, upukute mizizi, usage. Uji ukiipuliwa na kupoa kidogo, tia kijiko kidogo kimoja cha unga huo, ukoroge. Baada ya dakika chache uji utalainika bila kupungua chakula. Uchemshe tena kidogo ili kuua vijidudu.

Jihadhari
Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Akianza uji, aendelee kunyonya.

Usisage karanga pamoja na unga wa kuweka muda mrefu. Karanga huchacha upesi. Zisage kidogo kidogo.

Usitumie karanga wala nafaka zenye ukungu. Huenda zina sumukuvu, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kausha mavuno vizuri, uyaweke mahali pakavu.

Baba, neno hili ni lako pia. Ukivuna karanga usiuze zote. Tenga debe la watoto kwanza, ndipo upeleke nyingine sokoni. Fedha ya karanga huisha upesi, bali mtoto aliyedumaa ni vigumu sana kumrudishia kimo chake.

Maswali ya kujadili
1. Uji wa nyumbani kwako hudondoka au humwagika?
2. Kwa nini kimea ni bora kuliko kuongeza maji?
3. Msimu huu utatenga karanga kiasi gani kwa ajili ya watoto?