Anayeishi Barabarani Ana Anwani Gani?

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ulikuwa usiku wa sensa, na sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala. Dereva wa lori aliyeegesha Mtito Andei, Kibwezi au Emali usiku huo alistahili kuhesabiwa Makueni, hata kama boma lake liko Bungoma. Vivyo hivyo, mzaliwa wa Mutomo aliyelala Malaba akisubiri kuvuka mpaka hakuhesabiwa Kitui. Hesabu iliyotoka ilikuwa watu 1,136,187 kwa Kitui na 987,653 kwa Makueni, na ndani yake wamo wengi waliokuwa wapita njia tu.

Sensa hutosheka na hapo. Ofisi nyingine, kuanzia mahakama hadi ofisi ya ardhi, huuliza jambo ambalo kwa mtu wa safari ni gumu kidogo: makao yako ni wapi, na tukiwa na barua yako tuipeleke wapi?

Kaunti hizi mbili zina watu wengi wa namna hiyo. Barabara ya Mombasa inapita Makueni kutoka Salama hadi Mtito Andei. Ile ya Thika kwenda Garissa inapita Mwingi, Nguni na Ukasi. Kuna madereva na utingo wao, makondakta, wachuuzi wa maembe, ndengu na asali, wafanyabiashara wa mbuzi wanaofuata siku za soko, na vijana wa kandarasi za barabara wanaohama na kambi. Baadhi yao hulala nyumbani siku nne au tano kwa mwezi, wengine Krismasi hadi Krismasi.

Sheria ya Kenya kuhusu makao ya kudumu, Sura ya 37, haimwachi mtu hewani. Inasema hakuna asiye na makao, na hakuna mwenye makao mawili kwa wakati mmoja. Mtu huzaliwa na makao, na huyabadilisha kwa kwenda kuishi mahali pengine akiwa na nia ya kukaa huko daima. Kulala garini miaka kumi hakumwondolei mtu wa Kibwezi makao yake, kwa sababu hakuna anayenuia kuifanya barabara nyumba ya kudumu.

Kwa hiyo makao anayo. Shida huwa katika anwani, yaani ile aliyoiandika mara ya mwisho kwenye fomu, pengine miaka kumi na mitano iliyopita. Ofisi haina njia ya kujua kwamba amehama. Hutuma ilani pale karatasi inaposema, na siku huanza kuhesabiwa.

Vijijini kwetu watu wengi hawajawahi kuwa na sanduku lao la posta. Walitumia sanduku la shule ya msingi, la kanisa au la duka la sokoni. Barua ilifika kwa mwalimu mkuu, akampa mtoto wa jirani aipeleke. Mpango huo ulifanya kazi vizuri mwenyewe alipokuwa karibu na mwalimu akimjua. Mwalimu akihamishwa, au shule isipolipia sanduku, barua hubaki posta au hurudishwa ilikotoka. Anayetaka kuendelea na sanduku la mtu mwingine afanye jambo moja dogo: aandike jina la mwenye sanduku baada ya lake, kwa maneno “kwa mkono wa”, na aweke msimbo sahihi wa posta. Kitui ni 90200, Mwingi 90400, Makueni 90300, Kibwezi 90137 na Makindu 90138.

Posta ya Kenya pia ina huduma ya MPost, ambayo huifanya nambari ya simu kuwa anwani. Barua ikifika, mwenyewe hupata ujumbe kwenye simu yake. Kwa mtu wa safari hii inafaa kuliko sanduku analolifungua mara mbili kwa mwaka, mradi laini ya simu isiachwe ikafa. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine, na hapo anwani huondoka nayo.

Kwa upande wa kodi, karatasi karibu zimekwisha. Ilani za KRA hutumwa kwa barua pepe iliyoandikishwa kwenye iTax, na hapa ndipo wengi wamenaswa bila kujua. Walifunguliwa akaunti kwenye saiba wakati wa kutafuta PIN. Mhudumu wa saiba akawatengenezea barua pepe, akaweka neno la siri, kazi ikaisha. Leo hawaijui barua pepe hiyo wala hawawezi kuifungua. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka aliyesajiliwa kutoa taarifa ya mabadiliko ya anwani ndani ya siku 30. Taarifa ya mapato hutakiwa kufikia tarehe 30 Juni kila mwaka, na mtu binafsi akichelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Si pesa nyingi, lakini hujirudia kila mwaka hadi siku anayotaka cheti cha KRA ili aajiriwe.

Madereva wa safari za Kampala, Kigali na Juba wakati mwingine huambiana kwamba anayekaa nje ya nchi sehemu kubwa ya mwaka si mkazi wa Kenya kwa kodi. Si kweli kwa mwenye nyumba hapa. Sheria inamhesabu kuwa mkazi mtu yeyote mwenye makao ya kudumu Kenya ambaye amekuwapo nchini kwa kipindi chochote cha mwaka ule, hata siku chache. Kipimo cha siku 183 ni cha asiye na makao hapa.

Mahakama nayo haimsubiri msafiri arudi. Ajali ikitokea, aliyeumia anaweza kumshtaki dereva pamoja na mwenye gari. Kanuni za kesi za madai za 2010 zinataka samansi apewe mshtakiwa mwenyewe. Akitafutwa mara kadhaa asipatikane, inaweza kukabidhiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye, na ikishindikana mahakama inaweza kuruhusu ibandikwe au itangazwe gazetini. Tangu 2020 inaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe za simu. Asipojibu kwa muda uliowekwa, hukumu inaweza kutolewa bila yeye kusikizwa. Inawezekana kuiomba mahakama iifute, ila itabidi aeleze kwa nini hakujibu, na mara nyingi anayejua hukumu ipo huijua kwa kumwona dalali mlangoni. Familia inayobaki nyumbani iambiwe waziwazi: karatasi yenye mhuri wa mahakama haiwekwi kabatini kusubiri Krismasi. Ipigwe picha na kutumwa siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi katika kaunti hizi huja kwa ardhi. Sehemu kadhaa za Kitui na Makueni bado ziko chini ya Sheria ya Uamuzi wa Ardhi, Sura ya 284, ambapo mipaka hupimwa na majina kuandikwa kabla ya hati kutolewa. Ofisa akitangaza eneo, kila anayedai haki hutakiwa kuwasilisha dai lake na kuonyesha mipaka yake ndani ya muda uliotajwa, yeye mwenyewe au kupitia wakala aliyempa idhini. Rejista ikikamilika, hutolewa tangazo, na asiyeridhika ana siku 60 za kupinga kwa maandishi. Tangazo hilo halimtafuti mtu kwenye simu yake. Aliye Lodwar na trela atasikia habari shamba likiwa limeandikwa jina la binamu, na si lazima binamu awe na nia mbaya. Alikuwapo tu siku ya kupima.

Dawa ya hili ni kumteua mtu mapema na kwa maandishi. Neno la mdomo kwa kaka halitoshi mbele ya ofisa wa ardhi. Iandikwe hati ya uwakilishi, itajwe shamba ni lipi na aliyeteuliwa anaruhusiwa kufanya nini: kuonyesha mipaka, kutia sahihi, kupinga. Nakala moja ibaki kwa mwenyewe. Hati ya jumla inayompa mtu mamlaka juu ya kila kitu ni hatari, maana inaweza kutumika hata kuuza.

Kura ni jambo jepesi zaidi, lakini lina tarehe zake. Mpiga kura hupigia kura katika kituo alichosajiliwa tu. Anayetaka kuhamisha usajili hadi eneo bunge lingine awe ameishi huko angalau miezi sita. Kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027, mwenye kazi ya barabara aamue mapema siku hiyo atakuwa wapi, badala ya kubaki amesajiliwa kijijini na kazi iko Mlolongo.

Barua ya chifu ndiyo inayobaki kuwa ushahidi wa makao unaotumika zaidi, iwe ni kitambulisho kilichopotea au fomu ya basari ya mtoto. Chifu na naibu wake huandika wanachokijua. Asiyeonekana barazani wala mazishini miaka mitatu asishangae kuulizwa aje na mzee wa kijiji. Haya hayamhusu msafiri peke yake: basari hutolewa kwa wadi, na mtoto hukosa kwa sababu mzazi hajulikani wadi yoyote.

Anayepita Kitui au Wote akiwa na nusu siku anaweza kumaliza sehemu kubwa ya haya kwa safari moja, kwa kuwa miji yote miwili ina Huduma Centre. Aje na kitambulisho, nambari ya PIN na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Aanze na barua pepe ya iTax, kwa sababu ndiyo huchukua muda mrefu zaidi kurekebisha.