Maumivu ya Sezariene: Dawa Inywewe kwa Saa, Machozi Yasingojwe



Hapa Fungurume, mwanamke akirudi nyumbani na mtoto wa sezariene, mara nyingi anapokelewa na maneno mawili. La kwanza: «Wewe hukuzaa, ulipasuliwa.» La pili: «Vumilia, umama ni kuvumilia.» Basi anauma meno na kunyamaza. Vidonge alivyopewa anaviweka chini ya mto, akingoja siku ya maumivu makali. Tuongee juu ya vidonge hivyo, maana kunyamaza huku kunadhuru mama na mtoto.

Sezariene ni operasyo kubwa. Daktari anapasua ngozi, nyama za chini yake na tumbo la uzazi, kisha anashona. Siku mbili tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Mama anayeumia sana haamki kutembea, na damu inaweza kuganda katika miguu yake. Anaogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, na mapafu yanaweza kupata ugonjwa. Hawezi kugeuka vizuri ili amnyonyeshe mtoto. Kutuliza maumivu si udhaifu, ni sehemu ya kupona.

Wazee wa Afrika walilijua jambo hili. Mwaka 1879, huko Bunyoro, katika Uganda ya leo, Mwingereza Robert Felkin aliona mganga wa kienyeji akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi ili asisikie sana maumivu. Kidonda kilifungwa kwa pini za chuma na kamba, na siku ya 11 kilikuwa kimepona. Pombe si dawa yetu leo, lakini hata wakati ule mama hakuambiwa avumilie tu.

Kama kengele ya shule

Sisi walimu hatungoji watoto wapige kelele ndipo tugonge kengele. Tunaigonga saa ikifika. Dawa ya maumivu ni vilevile: ukingoja mpaka ulie, itachelewa kukusaidia. Parasetamoli ya miligramu 500, kwa kawaida mama mzima anakunywa vidonge viwili kila saa sita, na hapitishi vinane kwa siku. Mwembamba sana au mgonjwa wa ini anapewa kidogo zaidi. Mara nyingi daktari anaongeza ibuprofeni, ya kunywa baada ya chakula. Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au tensyo, mwambie kwanza. Dawa hizi mbili hazimdhuru mtoto anayenyonya.

Hatari iko kwenye vidonge vya barabarani. Tramadoli inapita katika maziwa na inaweza kumlaza mtoto usingizi mzito hata ashindwe kupumua. Mwaka 2017 Marekani ilitoa onyo rasmi kwamba wanaonyonyesha wasiitumie, wala kodeini. Usichukue kidonge cha jirani.

Mwili nao usaidiwe

Ukitaka kuamka, geuka kwanza ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Ukikohoa au kucheka, kunja kitenge na ukibane juu ya kidonda. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, ili mtoto asilale juu ya mshono. Tumbo likikaza wakati wa kunyonyesha, usiogope: tumbo la uzazi linarudi mahali pake. Anza kutembea pole pole hospitalini, wauguzi wakikuruhusu.

Kukanda tumbo kwa maji ya moto, hapana. Kunaweza kuunguza na kufungua kidonda. Na kwa wiki sita usiinue kitu kizito kuliko mtoto wako. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20!

Rudi hospitali haraka ukiona haya

- maumivu yanaongezeka badala ya kupungua;
- homa, usaha, harufu mbaya, au kidonda kinafunguka;
- damu nyingi inatoka;
- mguu mmoja unavimba na kuuma, au pumzi inakata;
- kichwa kinauma sana, hasa macho yakiona giza.

Hapo usiongeze vidonge ukakaa nyumbani. Usingoje hata kesho.

Kazi ya chama

Maneno haya hayatamsaidia mama ambaye bado anachota maji siku ya tano. Kila kikundi kipange zamu: mmoja alete maji, mwingine atwange sombe, mwingine asonge bukari na kuosha nguo za mtoto. Baba naye aambiwe, ana mikono.

Tukienda kumuona mzazi, tuache kumuuliza kama anavumilia. Tumuulize: «Mama, dawa ya mwisho ulikunywa saa ngapi?» Na aliyepasuliwa amezaa kama sisi wote. Apewe pongezi yake.