Petroli Katika Maji ya Ardhini: Ulinzi wa Visima vya Handeni na Korogwe

Handeni ni wilaya yenye uhaba wa maji. Wakazi wake hutegemea malambo, visima, na maji ya mradi ujulikanao kwa herufi HTM, yavutwayo kwa pampu kutoka mto Pangani wilayani Korogwe. Katika nchi ya namna hiyo, kisima kimoja kikiharibika, cha pili huwa mbali. Wilaya hizi mbili pia ni njia kuu ya magari. Barabara itokayo Chalinze hupita Mkata hadi Segera, ambako hukutana na ile itokayo Tanga kwenda Korogwe, Mombo na Moshi. Kandokando yake pana vituo vya mafuta, na chini ya vituo hivyo yamefukiwa matangi. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: tangi moja likitoboka, ni nani atakayejua, na atajua lini?

Safari ya mafuta

Chuma kilichofukiwa katika udongo wenye unyevu huliwa na kutu, na tundu la kwanza aghalabu ni dogo mno. Na ichukuliwe kwamba linatoa tone moja kila sekunde. Matone 20 ni takriban mililita 1; basi kwa siku hutoka lita 4.3, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500. Mafuta hayo hushuka mpaka yafikie maji ya ardhini. Petroli, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea na kutandaa. Lakini baadhi ya kemikali zake huyeyuka majini, na ya kuogopwa zaidi ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Miamba ya sehemu hizi ni ya kale, ya aina ya naisi. Maji hayakai ndani ya jiwe lenyewe, bali katika tabaka la juu la mwamba uliooza, na katika nyufa. Ndani ya ufa mafuta yaweza kwenda mbali upesi, na kutokea upande usiotazamiwa.

Pua haitoshi

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 ina gramu 8.8 hivi za kemikali hiyo, kiasi cha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho. Nayo pua ya mtu huanza kuitambua harufu ya benzini majini ifikapo miligramu 10 hivi kwa lita, yaani mara 1,000 ya kikomo.

Tukio la Thange, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya, linaonyesha gharama ya kuchelewa. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, yakaingia mtoni na katika maji ya ardhini. Wakazi walisubiri hadi mwaka 2025 ndipo mahakama ikaamua walipwe fidia.

Namna ya kuchunguza

Kipimo cha kwanza ni kijiti cha kupimia tangi pamoja na daftari: mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa, na yaliyobaki. Hata hivyo, petroli lita 10,000 ikipoa kwa nyuzi 1 tu ya sentigredi hupungua kwa lita 10 hivi, kiasi kinachozidi lile tone la kila sekunde. Kwa hiyo hesabu ya siku moja haitoshi. Upungufu usiokoma mwezi baada ya mwezi ndio unaotia shaka. Maji yakionekana tangini wakati wa masika, hiyo nayo ni dalili: panapoingia maji pana njia ya kutokea mafuta.

Kipimo cha pili ni visima vya uangalizi. Vitatu vilivyochimbwa kwa umbo la pembetatu huonyesha, kwa kulinganisha vimo vya maji, mkondo unaelekea wapi. Katika miamba yenye nyufa huhitajika zaidi ya hivyo. Sampuli hutiwa katika chupa ya kioo, ikajazwa pomoni bila kuacha hewa, ikawekwa penye baridi, kwani benzini hutoroka upesi.

Sampuli yenye thamani kuliko zote ni ile ichukuliwayo kabla tangi halijafukiwa. Kisima kisichopimwa kingali safi kitakosa ushahidi siku kitakapochafuka, na wenye kisima hicho watabaki kubishana na mwenye tangi wakiwa na ndoo tupu mikononi.